Kasiba na Chapa Zake: Bunduki za Kale za Bonde la Kilombero Zinashuhudia Nini?

Ndugu msomaji, katika bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi Malinyi na kupanda mpaka Mahenge, bunduki ya kale haiwi chuma kitupu. Huwa ni urithi, na pamoja nayo hurithiwa hadithi. Ukoo huu utasema bunduki yao ilitoka Kilwa pamoja na misafara ya pembe. Ukoo ule utasema babu yao alimnyang'anya askari wa Mjerumani wakati wa Maji Maji. Wa tatu watasema ni bunduki ya kifalme, kwa kuwa juu ya chuma chake pamechorwa taji.

Madai haya si ya kupuuzwa, wala si ya kupokewa bila kuchunguzwa. Yanagusa haki za watu. Warithi hugombana juu ya kitu ambacho hawajui thamani yake. Wachuuzi hupita vijijini wakinunua kwa bei ya chuma chakavu kitu chenye historia, au wakiuza kwa mamilioni kitu kisicho na historia yoyote kwa kisingizio cha taji na herufi za kigeni. Na zaidi ya hayo, historia ya bonde lenyewe inajengwa juu ya ushahidi kama huu. Tukikubali kila bunduki kuwa ya Maji Maji, hata zile chache zilizokuwepo kweli mwaka 1905 zitapotea ndani ya wingi wa zile za uongo.

Makala hii inakusudia kueleza jambo moja: chapa iliyogongwa juu ya kasiba, yaani mtutu wa bunduki, ni shahidi. Na shahidi husikilizwa katika lile aliloliona tu. Anayetaka kujua chapa inasema nini hana budi kuuliza maswali matatu: ni nani aliyeigonga, alishuhudia jambo gani, na aliigonga lini.

Hukumu ya chapa na maandishi

Suala la alama kuwa ushahidi si geni kwa wanazuoni wa fiqhi. Imepokewa katika hadithi ya Anas bin Malik, aliyoitoa Imam Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatia chapa ngamia wa sadaka kwa mkono wake. Faida ya chapa ile ilikuwa kumpambanua mnyama wa mali ya umma na mnyama wa mtu binafsi. Kutokana na asili hiyo wanazuoni wakajadili: akikutwa mnyama ana chapa isemayo "sadaka" au "wakfu", au kikikutwa kitabu kimeandikwa kuwa ni wakfu, je, hiyo peke yake inatosha kumhukumia aliyenacho?

Ibnul Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria, sawa na 1350 Miladia) amelizungumza suala hili katika kitabu chake At-Turuq al-Hukmiyya, na msimamo wake unajulikana: ushahidi haukufungwa katika ndimi za mashahidi wawili tu, bali kila kinachoidhihirisha haki kinaingia humo, zikiwemo alama. Upande wa pili wapo waliotahadhari sana na maandishi, wakitumia kanuni mashuhuri isemayo kwamba hati hufanana na hati, maana yake mkono mmoja unaweza kuuiga mkono mwingine. Na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu na bara, kauli yenye nguvu ni kuwa shahidi hatoi ushahidi kwa kutegemea mwandiko wake tu ikiwa tukio lenyewe halikumbuki.

Pande zote mbili zinatufaa katika somo hili. Chapa ni karina, yaani dalili yenye nguvu, lakini ni dalili inayoweza kuigizwa. Basi haiachwi na wala haiabudiwi. Inapimwa.

Namna bunduki zilivyofika bondeni

Kabla ya kuzisoma chapa, ni lazima tujue mali hii ilipita njia gani. Hakuna kasiba ya zamani yenye chapa ya kiwanda iliyotengenezwa Kilombero. Zote zilitoka nje, na zilikuja kwa mikondo mitatu mikubwa.

Mkondo wa kwanza ni biashara ya Zanzibar. Katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani, silaha zilitajwa waziwazi: katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali tu, lakini katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe bila kizuizi. Kilwa ilikuwa miongoni mwa bandari hizo, na kutoka Kilwa misafara iliingia bara kutafuta pembe na watumwa. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha zao katika karne ya 19, bunduki zao kuukuu zilimiminwa katika masoko ya Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka kupitia soko hilo.

Wingi huo ulizitia hofu dola za Ulaya. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ukazuia silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Ulioruhusu kuendelea kuuzwa, kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida. Mkataba huohuo ulitaka kila silaha ya kisasa iliyoruhusiwa kwa mtu maalumu iandikishwe na kutiwa alama na mamlaka, na alama hiyo ionyeshwe katika kibali chake.

Mkondo wa pili ni wa majeshi ya wakoloni. Askari wa Kijerumani walitumia kwa muda mrefu bunduki ya Mauser ya muundo wa 1871, na makampuni mengi ya askari yalikuwa bado nayo vita vilipoanza mwaka 1914. Wahehe, majirani wa bonde kwa upande wa milima ya Udzungwa, walikwisha kuziteka kwa mamia pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, walipokiangamiza kikosi cha Zelewski. Na katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Mahenge tarehe 9 Oktoba 1917.

Mkondo wa tatu ni wa wawindaji, maofisa na walowezi, waliokuja na bunduki zao binafsi. Kilombero ni nchi ya wanyama, na uwindaji ni kazi ya asili ya wenyeji pia. Wandamba walisifika kwa kuwinda tembo hata afisa mmoja wa Kiingereza, A.G.O. Hodgson, akachapisha mwaka 1926 maelezo juu ya desturi zao za uwindaji.

Yatupasa kuikumbuka mikondo hii mitatu, kwa sababu nchi moja iliyotengeneza bunduki inaweza kuwa imeingia bondeni kwa njia zaidi ya moja. Mfano mkubwa ni Ubelgiji.

Chapa za Liège: yai, nyota na taji

Mji wa Liège, Ubelgiji, ulikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya bunduki duniani katika karne ya 19, na bunduki nyingi za biashara zilizofika Afrika zilitoka huko. Mji huo ulikuwa na nyumba ya majaribio. Kila kasiba ililetwa hapo, ikashindiliwa baruti nyingi kuliko kipimo cha kawaida na kufyatuliwa. Iliyopasuka ilitupwa, iliyosalimika ikagongwa chapa. Chapa mashuhuri ya Liège ni duara lililorefushwa kama yai, ndani yake herufi E, L na G pamoja na nyota ndogo. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya "jaribio la Liège". Mwezi Julai mwaka 1893 ikaongezwa taji juu ya yai.

Hapa ndipo maswali yetu matatu yanapofanya kazi. Ni nani aliyeigonga? Si fundi aliyetengeneza, bali mjaribu. Alishuhudia nini? Kwamba kasiba hiyo ilistahimili baruti siku hiyo. Hakushuhudia nani ataimiliki wala itatumika vita gani. Aliigonga lini? Kama taji lipo, ni baada ya Julai 1893. Kama halipo, ni kabla.

Basi lile taji ambalo wachuuzi wanalifanya dalili ya ufalme, kwa bunduki ya Liège ni dalili ya ujana wake. Bunduki yenye taji haikuja na misafara ya zama za Sayyid Barghash, kwani yeye alifariki mwaka 1888, na chapa hiyo haikuwepo duniani.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni umbo la mtambo. Hudhaniwa kuwa bunduki ya gumegume, inayotoa cheche kwa jiwe, lazima iwe kongwe kuliko ile ya fataki. Huko Ulaya mpangilio ulikuwa hivyo. Kwetu haukuwa hivyo, kwa sababu Mkataba wa 1890 uliacha mlango wa gumegume wazi, na viwanda vya Liège vikaendelea kuzitengeneza kwa ajili ya Afrika hata baada ya karne ya 20 kuanza. Kwa hiyo inawezekana kabisa gobore la gumegume likawa na yai lenye taji, na bunduki ya fataki iliyo kando yake ikawa na yai lisilo na taji. Hapo ya jiwe ndiyo changa.

Tena chapa ya Liège haithibitishi kuwa bunduki ililetwa na askari wa Kibelgiji mwaka 1917. Bunduki za Liège zilikwisha kuuzwa Zanzibar miaka mingi kabla yake. Bunduki ya kijeshi ya Kibelgiji ya zama hizo, kama ile Mauser ya muundo wa 1889 iliyotengenezwa na kiwanda cha Fabrique Nationale cha Herstal, hupakia risasi zenye ganda kutoka nyuma. Gobore la kushindilia kwa mdeki kutoka mbele ni kitu kingine kabisa, ijapokuwa vyote viwili vimetoka nchi moja.

Chapa za Uingereza na uongo wa neno TOWER

Uingereza ilikuwa na nyumba mbili za majaribio. Ya London ni ya chama cha mafundi wa bunduki kilichopewa hati yake mwaka 1637, na chapa zake ni herufi G na P zilizosukwa pamoja chini ya taji, na V chini ya taji. Ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Chapa zake za kale ni fimbo mbili za kifalme zilizopishana kama msalaba chini ya taji, zikiwa na herufi B, P na C kwa jaribio, na V kwa ukaguzi. Mwaka 1904 Birmingham ikabadilisha, ikaanza kugonga taji juu ya herufi BP na BV, na NP kwa kasiba zilizojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi.

Kati ya chapa hizo huonekana namba, kama 12, 14 au 16. Wapo wanaodhani ni mwaka. Namba hiyo ni kipimo cha upana wa tundu: ni idadi ya risasi za duara, zenye upana sawa na tundu hilo, zinazopatikana katika ratili moja ya risasi. Kumi na mbili ni milimita 18.5 hivi. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo.

Ama neno TOWER, lenye taji kando yake, hili limewaponza wengi. Asili yake ni Mnara wa London, ambako serikali ya Uingereza ilikagua silaha za jeshi lake. Lakini jina lilipopata sifa katika masoko ya Afrika, watengenezaji wa bunduki za biashara wa Birmingham na hata wa Liège wakaligonga wenyewe juu ya mitambo yao ili kumvutia mnunuzi. Hii ndiyo ile hati inayofanana na hati. Dawa yake ni nyepesi: neno TOWER huwa juu ya mtambo, na ushahidi wa mtambo hauihusu kasiba. Tazama kasiba upande wa nyuma, karibu na kitundu cha moto, na chini yake pale inapofunikwa na mti. Ukikuta yai la Liège, basi mtambo umejisemea uongo na kasiba imesema kweli.

Kanuni ya jumla hapa ni kuwa bunduki moja ina vipande vitatu vikuu, kasiba, mtambo na kitako, na kila kipande ni shahidi wa nafsi yake. Mafundi walivunja na kuunganisha. Usichukue umri wa kipande kimoja ukaupa kingine.

Maandishi ya Kiarabu

Ipo aina nyingine ya kasiba ambayo chapa zake si za Ulaya. Hizi ni zile zilizotoka Uajemi, dola ya Kituruki na India, na ambazo Waomani walizipenda sana kwa bunduki zao za utambi zinazoitwa abu fatila. Aghalabu kasiba hizi ni ndefu, zimenakshiwa, na juu yake pana maandishi kwa herufi za Kiarabu.

Msomaji aliyekaa madrasa anaweza kuyasoma maandishi haya, lakini achunge maneno mawili. Neno 'amal, likifuatiwa na jina, maana yake ni "kazi ya fulani": hapo anatajwa fundi. Neno sahibuhu, au maliki, maana yake ni mwenyewe: hapo anatajwa mmiliki. Anayechanganya mawili haya humfanya mnunuzi kuwa mhunzi. Na jina la mmiliki lililochorwa halimpi mtu haki leo, kwani mali huuzwa na hutolewa zawadi, na jina la kwanza likabaki palepale. Hukumu ya umiliki hutazama mkono ulioshika na ushahidi wa aliye hai, na jina lililo juu ya chuma ni karina miongoni mwa karina.

Pili, herufi za Kiarabu hazimaanishi fundi Mwarabu. Mwajemi, Mturuki na Mhindi wote waliandika kwa herufi hizo. Ukikuta herufi zisizokuwemo katika Kiarabu, kama pe, che au gafu, umekwisha kutoka katika lugha ya Kiarabu. Tatu, mwaka ukiandikwa huwa ni wa Hijria. Kasiba yenye 1290 si ya karne ya 13 Miladia, bali ni ya mwaka ulioanza Machi 1873. Na katika chuma kilicholika, mbili na tatu za Kiarabu hukaribiana, na tano iliyofutika hugeuka sifuri. Soma mara mbili, kisha mpe mwenzako asome bila kumwambia ulichokiona.

Kasiba ya kuchomeka

Sasa tufikie kipande kinachowachanganya hata wenye uzoefu. Baadhi ya bunduki za wawindaji, hasa za Kijerumani, zilikuwa na kasiba ndogo ya chuma inayochomekwa ndani ya kasiba kubwa. Mwenye bunduki ya marisau, yenye tundu pana, aliweza kuchomeka kasiba hiyo nyembamba yenye mifuo na kupiga risasi ndogo, kwa mazoezi au kwa mnyama mdogo, bila kununua bunduki nyingine. Nyingine ni fupi kama kiganja, nyingine zinafika karibu na mdomo wa mtutu. Kwa kuwa hutolewa na kurudishwa, hupotea, na mara nyingine hukutwa peke yake, mtu asijue ni nini. Wapo wanaodhani ni bomba la mashine.

Kasiba hii ina chapa zake. Ujerumani ilipitisha sheria ya majaribio ya bunduki mwaka 1891, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 1893. Chapa zake ni taji na herufi moja chini yake, na kila herufi ina maana. B ni jaribio la kufyatuliwa. U ni ukaguzi baada ya jaribio. G ni kasiba yenye mifuo. S ni ya marisau. W ni kasiba iliyobanwa mdomoni. N ni baruti isiyo na moshi. V ni bunduki iliyokuwepo ghalani kabla ya sheria kuanza. R ni iliyojaribiwa tena baada ya matengenezo. Na E, ambayo ndiyo tunayoitafuta, huhusu kasiba ya kuchomeka. Majaribio yalifanyika katika miji kama Suhl, Zella na Oberndorf.

Kwa hiyo ukikuta taji na E, umejua kuwa jambo la kasiba ya kuchomeka lipo. Lakini tahadhari ileile ya vipande vitatu inarudi hapa kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa vipande vimekuwa vinne. Kasiba kubwa inaweza kuwa ya mwaka 1895 na ya kuchomeka ikaongezwa miaka 30 baadaye na mtu mwingine kabisa. Kila moja isomwe peke yake.

Zipo dalili tatu za tarehe ambazo ni nyepesi na madhubuti. Ya kwanza ni jina la mji. Zella St. Blasii na Mehlis ilikuwa miji miwili mbalimbali mpaka ilipounganishwa mwaka 1919. Kasiba iliyoandikwa "Zella-Mehlis" kwa pamoja imetengenezwa baada ya Mjerumani kuondoka Mahenge. Ya pili ni jina la mtengenezaji. Lothar Walther, aliyejulikana mno kwa kasiba za kuchomeka, alianzisha kazi yake Zella-Mehlis mwaka 1925. Jina lake haliwezi kuwa juu ya mali ya enzi ya Mjerumani. Ya tatu ni tai. Sheria mpya ya Ujerumani ya mwaka 1939, iliyoanza kutumika 1940, iliondoa taji na kuweka tai juu ya herufi. Tai juu ya N, basi, ni chapa ya zama ambazo Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza kwa zaidi ya miaka 20.

Na iko chapa moja ya kijeshi inayosomwa vibaya kuliko zote: "I.G.Mod.71" kwenye bunduki za Mauser. Wengi husema bunduki ilitengenezwa mwaka 1871. Sivyo. Hiyo 71 ni jina la muundo. Mwaka wa kutengenezwa, ukiwepo, hugongwa mahali pake peke yake, pamoja na jina la kiwanda, kama Spandau, Amberg, Danzig au Steyr.

Tuupime mfano wa Mahenge

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa bonde na milima, wakiwemo Wambunga na Wapogoro, waliivamia ngome ya Mahenge. Walikuwa na mikuki, mishale na magobore, na walikuwa na imani ya maji yaliyoambiwa kuwa yatazigeuza risasi. Ndani ya ngome, chini ya kapteni von Hassel, zilikuwepo bunduki mbili za rashasha. Waliuawa kwa mamia. Hiyo ndiyo siku ambayo koo nyingi za bonde huitaja zinapozungumzia bunduki zao.

Sasa tuchukulie zimeletwa kasiba nne, na kila mmoja anadai yake ilikuwepo siku hiyo. Ya kwanza ina yai la Liège bila taji. Ilikuwepo duniani kabla ya Julai 1893, kwa hiyo dai linawezekana. Ya pili ina yai lenye taji. Dai bado linawezekana, kwani kati ya 1893 na 1905 ipo miaka 12, lakini nyongeza ya kuwa "ilitoka Kilwa zama za Barghash" imeanguka. Ya tatu ina taji na BP ya Birmingham. Chapa hiyo ilianza 1904. Ili dai lisimame, bunduki ingebidi isafiri kutoka Birmingham hadi mikononi mwa mpiganaji wa bondeni, chini ya udhibiti wa Wajerumani, kwa muda usiofika miaka miwili. Ni jambo la mbali mno. Ya nne ni bunduki ya marisau yenye kasiba ya kuchomeka iliyoandikwa Zella-Mehlis. Kipande hicho hakikuwepo, na kasiba kubwa inasubiri kusomwa kwa chapa zake yenyewe.

Tazama vizuri, ndugu msomaji, chapa imefanya nini na haikufanya nini. Imeweza kukanusha. Haikuweza kuthibitisha. Hata ile kasiba ya kwanza, chapa yake inasema tu kuwa ilikwisha kuzaliwa. Haisemi ilikuwa Mahenge, kwa kuwa bunduki ya mwaka 1880 inaweza kuingia Kilombero mwaka 1920. Chapa hutoa mwanzo, haitoi mwisho. Kinachoweza kuiunganisha kasiba na siku ile ni neno la watu: nani aliirithi kwa nani, jina baada ya jina, mpaka kwa aliyeishika. Na hili ndilo linaloitwa isnadi. Wanaodhani elimu ya chapa imekuja kuwanyamazisha wazee wamekosea. Imekuja kuyatenga maneno yao ya kweli na yale yaliyoongezwa njiani.

Vivyo hivyo, kukosekana kwa chapa nako si dalili ya ukongwe. Mafundi wa vijijini wametengeneza magobore kwa mabomba ya maji na kwa fito za usukani wa magari, na hayo hayana chapa yoyote. Gobore lisilo na alama huenda likawa dogo kuliko anayeliuza.

Yanayopaswa kufanywa

Kwanza, chuma kisisuguliwe kwa msasa wala tindikali ili king'ae. Chapa nyingi zina kina kidogo mno, na msasa wa dakika 10 hufuta ushahidi wa miaka 130. Pakaa mafuta mepesi, futa kwa kitambaa, kisha weka karatasi juu ya chapa na usugue kwa penseli upate nakala. Piga picha kila upande, mwanga ukitoka ubavuni.

Pili, hadithi ya ukoo iandikwe siku hiyohiyo, kwa jina la msimulizi na aliyemsimulia, kabla chapa haijasomwa. Ikiandikwa baada, msimulizi ataifuata chapa.

Tatu, asithubutu mtu kuifyatua. Chapa ya jaribio ilitolewa kwa chuma cha siku ile na baruti ya siku ile. Kasiba isiyo na chapa ya baruti isiyo na moshi, ikijazwa baruti hiyo, inaweza kumpasukia mpigaji usoni.

Nne, bunduki hata ikiwa kuukuu ni silaha. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na mwenye kurithi aende polisi akiwa na maelezo yake kuliko kukutwa nayo.

Tano, anayeuza aseme anachokijua na aishie hapo. Akijua ni yai lenye taji, asiseme ni ya mfalme. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghishi, na kuibunia bidhaa sifa isiyokuwa nayo ni ghishi vilevile, hata kama sifa hiyo ni ya kishujaa. Warithi nao wasigawane kwa bei ya hadithi. Wapime kwanza, kisha wagawane kwa thamani ya kweli, au wakubaliane ibaki kwa mmoja awe mwangalizi wake.

Wale waliokufa Mahenge mwaka 1905 wengi wao hawakuandikwa majina popote. Kilichobaki kwao ni maneno ya wajukuu na vipande vichache vya chuma. Uadilifu kwao ni kuwa tusiwanyime bunduki iliyokuwa yao, na tusiwabandike bunduki ambayo hawakuiona.

Wallahu aalam.